Nahodha Alikatwa Mguu, Mama Hajui

Bi Zaitun, shikamoo. Safu yako naisoma siku nyingi, mara nyingine kwenye gazeti zima na mara nyingine kwenye kipande kilichofungiwa maandazi, na sikuwahi kudhani nitakuandikia, maana wengi wanaokuandikia wameachwa na mtu na mimi sijaachwa, mimi kuna mtu kila ninachomwambia anakiamini, na hilo ndilo linaloniua. Naomba unishauri upesi, na naomba usianze kunitukana kabla hujafika mwisho. Ukifika mwisho, ruksa.

Mimi ni fundi wa televisheni na ving'amuzi hapa Kasulu mjini. Sikusomea, nilijifunza kwa kuharibu vya watu mpaka vikaanza kupona, na Kiingereza nacho nilikipata hivyo hivyo, kwa kufuata maandishi yanayopita chini ya picha, kwa hiyo naweza kusema vizuri kabisa "weka silaha chini" na "daktari, ataishi?" lakini mzungu akinikuta sokoni akaniuliza choo kiko wapi tunaangaliana tu. Naishi na mama yangu, Pelagia, niliyemtoa kijijini Titye baada ya ugonjwa wa sukari kumfunga macho. Anaona mwanga, anaona kivuli kikipita, sura haoni. Mtu aliyelima maharage na mihogo maisha yake yote sasa anakaa kwenye kiti mikono mapajani kama mgeni anayesubiri kuagwa. Nilimletea redio, akasema redio inaongea na kila mtu, yeye anataka anayeongea na yeye.

Ndipo tukaanza tamthilia. Najaza kwenye flashi, tunakaa jioni kabla ya chakula, picha inapita na mimi natafsiri kwa Kiha, siyo maneno tu, na wanavyokaa, nani kanuna, nani kaangalia pembeni. Zipo zile zilizotafsiriwa tayari kwa Kiswahili, mama alisikiliza moja akasema huyo bwana anaongea kama anauza dagaa na basi linaondoka.

Ya kwanza ilikuwa ya dada wawili wanaompenda mwanaume mmoja, mkubwa anajua na mdogo hajui, na mimi nimekaa muda mrefu nikijiuliza utamu wa kitu kile uko wapi, maana hakuna linalotokea, watu wanaingia wanatoka, wanakunywa chai hawaimalizi, nikaona utamu ni kwamba sisi tunajua na yule mdogo hajui, na mama alikuwa anampigia kelele, "Geuka nyuma we mtoto! Anakucheka!" na mdogo hageuki, na sehemu inaishia hapo mlango unafunguliwa, na kesho yake kutwa nzima mama anabishana na jirani yetu Anifa, mwenye duka la vitenge, kwamba aliyefungua mlango ni nani. Anifa alikuwa anafunga duka mapema kwa ajili ya mlango ule.

Ya pili ndiyo iliyonileta kwako. Ni ya chombo kinachokwenda kwenye nyota nyingine, safari ndefu mpaka waliopanda wamekufa na wanaokiendesha ni wajukuu zao, hawajawahi kukanyaga udongo. Nilidhani mama atakataa. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Wanakula nini humo?"

"Maharage, mama. Wanayapanda chini ya taa."

"Nani anapalilia?"

Nikamwambia wanapokezana, na nahodha mwenyewe, mwanamke wa makamo, anashika zamu yake. Mama akajiweka sawa kwenye kiti. "Basi twende," akasema. Nahodha yule ana jina la kizungu ambalo hata mimi linanishinda, mama akampa lake, akamwita Niyibizi. Tangu siku hiyo Niyibizi akawa mtu wa nyumbani kwetu. Hapo nikagundua jambo, kwamba hizi za mambo ya sayansi ukishakubali chombo kinaruka, ndani unakuta watu wale wale, mume kanuna, mtoto hataki kula, mtu kaiba zamu ya maji, na mama alikuwa anawasema kama wa mtaa wetu.

Sasa sikiliza nilivyoharibu. Mwaka huu mama alikanyaga kaa la moto jikoni asisikie kitu, miguu yake ina ganzi, harufu ndiyo iliyotuambia. Kidonda kikakataa kupona. Na wakati huo huo, kama vile mtunzi anaishi kwetu, Niyibizi akashuka kwenye sayari akajikata mguu, ukungu wa kule ukaingia kwenye kidonda, mguu ukaanza kuwa mweusi, na daktari wao akasema tukate au sumu ipande. Sehemu ikaishia hapo. Sisi sheria yetu ni kutazama pamoja, sitangulii, kwa hiyo kesho yake nilikaa pale bila kujua kinachokuja, mama ameweka mguu wake wenye bandeji mpya kwenye kigoda, Anifa yuko upande huu na chai yake, na picha inafunguka wanamlaza Niyibizi mezani na daktari anawasha kitu cha kukatia.

"Anafanya nini?" mama akauliza.

Bi Zaitun, mdomo wangu ulijibu kabla yangu. "Anampaka dawa."

"Mbona analia hivyo?"

"Inawasha."

"Dawa gani hiyo?"

Na mimi kazi ikishanijia siwezi kuiacha nusu, nikamwambia ni dawa ya kijani, imetengenezwa na mizizi ya yale maharage, ukiipaka nyama inajijenga upya, nikamwonesha kwa maneno jinsi weusi unavyorudi nyuma kidole kwa kidole. Mama alitabasamu mpaka nikaona meno ambayo nilikuwa nimeyasahau. Anifa haoni vizuri kusoma lakini picha anaiona. Aliniangalia, akaangalia kioo, akaweka kikombe chini. Hajarudi kwetu tangu siku hiyo, na nikipita dukani kwake anapanga vitenge ambavyo vimeshapangwa.

Toka hapo nimekuwa mtumwa, maana wale watunzi tamthilia yote iliyobaki wameijenga juu ya mguu ule. Wamemwekea Niyibizi mguu wa chuma. Akitembea kwenye korido unasikia ko, kimya, ko, kimya.

"Kinachogonga ni nini?" mama akaniuliza.

"Kanunua viatu vipya."

"Upande mmoja?"

"Kingine kimeisha soli."

Akasema, "Endelea." Kisha ikaja sehemu ambayo mlango wa chombo unambana mguu, moto unakuja, na yeye anaufungua mguu wa chuma anauacha pale pale mlangoni anatoka anarukaruka kwa mmoja kuwaokoa watoto, na nafikiri ndiyo sehemu nzuri kuliko zote nilizowahi kuona maishani, na mimi nikamwambia mama kwamba amevua kiatu.

Ningecheka kama si hili linalofuata. Daktari Hilali wa hospitalini, kijana mpole aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, aliniita pembeni akaniambia mguu wa mama umeoza ndani, ukatwe chini ya goti, na wiki hii isiishe, vinginevyo hatutazungumzia mguu tena, tutamzungumzia mama. Nikamwambia mama. Akasema, "Oya." Kwetu hiyo ni hapana isiyo na kona.

"Mama, daktari kasema."

"Niyibizi walimpaka dawa akapona."

"Ile ni tamthilia, mama."

"Najua ni tamthilia, unadhani nimechanganyikiwa? Lakini zamani si uliniambia watu wanaongea na mwenzao aliye mbali kwenye kioo, nikacheka? Leo si naongea na Ernesta kwenye kioo, na yeye yuko Busunzu? Vinaanzia huko kwenye picha, vinachelewa, vinafika. Na hiyo dawa itafika. Mimi nasubiri."

Na kuhusu simu kasema kweli.

Ernesta ni dada yangu, mwalimu Busunzu kule Kibondo. Anapiga simu kila siku, anadhani mama kadanganywa na watu wa maombi, juzi aliniambia kwa hasira, "Wewe ndiye anayekusikiliza! Kaa naye, mweleze, wewe una maneno!" Nikasema sawa dada. Nimo ndani ya ile tamthilia ya kwanza sasa, mimi najua na wao hawajui, na nakuhakikishia ukiwa ndani hakuna utamu wowote.

Mguu unanuka, Bi Zaitun. Mama anajipaka mafuta ya nazi ambayo Anifa alimletea zamani ili mimi nisisikie, nami nafungua dirisha nasema joto. Nimebaki na njia moja, nimeshaitunga kichwani: nimtafsirie sehemu ambayo haipo, kwamba ile dawa ya kijani imegeuka, ugonjwa umerudi, na Niyibizi mwenyewe amewaambia wakate. Nikiisimulia vizuri mama atakubali kesho. Lakini kila nikishika rimoti naiweka chini. Na kumwambia ukweli naogopa kuliko kifo, kwa sababu macho yake ni mdomo wangu, akijua mdomo huu unadanganya atakuwa kipofu mara ya pili, na safari hii mimi ndiye niliyempofusha.

Nifanyeje? Jina langu liandike tu, usilifiche. Mama hasomi magazeti, na Ernesta akisoma, basi.

Ildefonce, Kasulu.

JIBU LA BI ZAITUN

Ildefonce, marahaba. Namba ya simu uliyoiweka chini ya barua nimeipiga jana asubuhi, mchana na jioni, inaita mpaka inakata. Kwa hiyo nakujibu hapa, na waliotangulia kwenye foleni wamepisha.

Umeniomba nisikutukane mpaka nifike mwisho. Nimefika.

Nianze na hilo la jina. Unataka dada yako akusome gazetini ili usilazimike kumwambia kwa kinywa chako. Mimi si mjumbe wako, mwanangu. Nimeliacha jina lako kwa sababu umesema, lakini kabla Ernesta hajafungua ukurasa huu uwe umeshampigia. Acha kusoma, mpigie, sema "mimi ndiye niliyempa mama tumaini la uongo," akutukane, kisha mwambie apande gari la kwanza linalotoka Kibondo. Halafu rudi usome.

Umerudi? Haya.

Pole. Naisema mara moja na sitairudia, maana pole nyingi ndizo zilizokufikisha hapa. Ulimwona mama yako na bandeji kigodani na mtu anakatwa mguu kwenye kioo, ukashindwa. Mtoto yeyote angeshindwa dakika ile. Ila dakika ile ilipita, ukaja na kiatu. Kikaja kiatu kingine. Hayo hayakuwa huruma tena, ulikuwa unailinda kazi yako.

Umeandika vizuri kuhusu utamu wa hizo tamthilia, lakini umeona nusu. Mimi pia natazama, usidhani mshauri analala na Biblia na Kurani tu. Chombo kinachoruka ni uongo mmoja tunaokubali tukiwa mlangoni, na tunaukubali kwa sharti moja, kwamba humo ndani kila kitu kitalipiwa. Mama yako alilijua hilo kabla yako. Swali lake lilikuwa nani anapalilia. Mkulima huyo: alitaka kujua kama kuna jembe, alipoambiwa lipo akasema twende. Wewe ukamletea nyama inayoota bila jembe, akaiamini kwa sababu ilitoka kwenye mdomo ule ule uliomwambia habari za palizi.

Na angalia ulichomnyima. Kasema vitu vinaanzia kwenye picha, vinachelewa, vinafika. Kasema kweli, na mguu wa bandia umeshafika, Ildefonce! Upo, watu wanauvaa, wanakwenda nao shamba na kanisani. Katika chombo kizima kile, kitu pekee ambacho kingemfaa mama yako ndicho ulichokiita kiatu. Kulikuwa na mwanamke mwenye mguu mmoja anawatoa watoto motoni, mama yako amekaa mbele yake na kidonda, na wewe katikati kama pazia.

Sijui kama anajua. Aliuliza "upande mmoja?" Mtu asiyeona husikiliza kwa makini kuliko sisi. Inawezekana anajua tangu siku ile na anakusubiri useme, inawezekana hajui kabisa. Usijifariji kwa hilo la kwanza.

Hiyo sehemu uliyoitunga kichwani, izike. Najua itafanya kazi, ndiyo maana nakukataza. Ukimpeleka mezani kwa hadithi, atazinduka hana mguu, na siku moja Anifa au Ernesta au ulimi wako wenyewe utamwambia kwamba alikubali kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo. Mguu ni wake. Anayeukubalia au kuukatalia kisu ni yeye, na anastahili kuambiwa mambo yalivyo.

Fanya hivi. Leo, si kesho, kukiwa bado mchana, zima televisheni na uitoe flashi mama asikie unavyoitoa. Usikae kwenye kiti chako cha kutafsiria, kaa chini. Sema kwa Kiha, na sentensi ya kwanza iwe hii: "Mama, Niyibizi walimkata mguu." Ya pili: "Dawa ya kijani niliitunga mimi." Nyamaza hapo. Usimweleze ulivyoogopa, usilie mbele yake ili aanze kukubembeleza wewe. Akikufukuza, toka, kaa mlangoni. Akitaka kurudia sehemu ile, irudie, na safari hii mtafsirie kila kitu, kilio chote, usipunguze. Akiuliza inauma, sema inauma.

Kisha Daktari Hilali aongee na yeye, si na wewe pembeni. Omba muuguzi wa kwenu atafsiri. Wewe kaa kimya, umeshatafsiri vya kutosha. Mama aulize maswali yake yote, ya mguu wa bandia, ya sukari, ya atakayempeleka chooni, na hilo la chooni jibu wewe. Na mwende kwa Anifa, au umwombe aje. Mwanamke huyo amebeba siri yako bila kuombwa na mafuta yake ndiyo yanayofunika harufu. Siku mama akirudi nyumbani atahitaji mwanamke mwenzake zaidi ya atakavyokuhitaji wewe.

Huenda akasema oya hata akishajua yote. Hapo sina ushauri mzuri wa kukupa. Mwombe tena, Ernesta amwombe, daktari amwombe, na akishikilia, utakaa naye na utamtafsiria atakachotaka mpaka mwisho, bila kuongeza hata neno moja la kwako. Huenda pia asikuamini tena katika jambo lolote, ukimwambia mvua inanyesha atoe mkono nje. Sikuahidi atakusamehe. Simfahamu, na wewe umejitahidi sana asikufahamu.

Jambo la mwisho, na hili ndilo la kwanza kwa uzito. Gazeti hili linachukua muda kufika kwenu. Kama unalisoma na mama ana homa, anatetemeka, au maneno yake yameanza kupotea, basi ruka yote niliyoandika hapo juu, usitafute sentensi ya kwanza wala ya pili. Mbebe mgongoni kama hakuna bodaboda karibu, mpeleke hospitali. Ukweli mwambie njiani, kama bado anasikia.